Tramu Tulizogawa Siku ya Kuanua Matanga

Mwanangu Anitha,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, nami nimebaki hapa mezani na sahani ya wali ambayo hukuigusa. Mambo ya soksi, dawa ya kikohozi na namba ya simu ya yule dada wa kanisani aliyeko Manchester nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, nimeibandika kwenye mlango wa friji. Barua hii haina habari za soksi.

Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza najua kuomba radhi kwa maneno mawili matatu tu, ya kumwambia mtu niliyemkanyaga kwenye basi. Hayatoshi. Najua utasoma polepole. Ukikwama kwenye neno, usimpe mtu akusomee. Nipigie mimi, hata kama nipo chumba cha pili.

Jumapili nilikuuliza kama shangazi yako Modesta anaweza kuja stesheni ya Euston kukuaga. Ulikuwa unahangaika na zipu ya begi. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Not her, Mum. Anyone but her." Yeyote, ila si yeye. Nikasema sawa. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Miaka minane nimekuwa nikisema sawa. Kesho unakwenda kujifunza kazi ya nyaya za tramu, na sitaki uende na hiyo sawa yangu. Kwa hiyo nasema hapa juu kabisa, nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha: kosa unalomhesabia shangazi yako ni langu. Vitu vya baba yako niligawa mimi. Na tramu yako wewe, ile uliyoitengeneza kwa mkono wako, niliitoa mimi.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Baba yako alipoanza kuendesha basi hapa London hakuwa na habari ya tramu. Kwetu Kilosa tuliona treni tu, na treni yenyewe ilikuja ilipotaka. Siku moja bibi mmoja wa Kiingereza, abiria wake wa kila asubuhi, alimwambia kwamba barabara ile ile anayopita zamani ilikuwa na tramu, kisha yakaja mabasi yanayovuta umeme kwenye nyaya za juu kwa fimbo mbili zilizotoka kwenye paa. Yalikuwa kimya, bibi alisema, kimya kiasi kwamba uliweza kugongwa huku unapiga mluzi. Baba yako alirudi nyumbani na hadithi hiyo kama mtu aliyeokota pochi. Wiki ile ile akagundua ua la chuma, kama waridi, kwenye ukuta, juu ya duka la nyama karibu na kituo. Mimi nilidhani ni pambo. Kumbe ndipo waya ulipokuwa umefungwa. Basi likawa haliwezi kupita pale bila yeye kuliamkia lile ua kwa kidole.

"Mama Anitha," aliniambia, "mji huu umetupa vitu vingi, na waokotaji ni sisi wageni."

Akaanza kuokota. Kwanza tiketi moja ya zamani, ya rangi kama chai ya maziwa, kutoka sokoni. Kisha kile chuma cha kondakta cha kutobolea tiketi, ambacho wewe ulikitumia kutoboa barua zote za shule. Kisha kile kitambaa kirefu chenye majina ya vituo, kilichokuwa kikizungushwa mbele ya basi. Alikikunjua koridoni, ukatembea juu yake peku ukisoma: Wood Green, Manor House, Stamford Hill, Edmonton. Mwalimu wako aliniambia umejua kusoma mapema. Sikumwambia ni kitambaa gani kilichokufundisha.

Kisha ikaja ile meza. Unaikumbuka kuliko mimi. Ilianza kama ubao wa kuwekea modeli mbili za tramu, ikaishia kuwa barabara nzima ya Tottenham, na maduka yake, na nguzo zake, na nyaya nyembamba kama nywele alizozilehemu moja moja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ilikula sebule yote. Wageni walikula huku sahani zikiwa magotini. Mimi nililalamika, na sikulalamika kwa upole. Nilimwita fundi wa midoli. Mbele ya watu nilisema nimeletewa mke mwenza, meza. Alicheka kila mara. Alikuwa mtu wa kucheka, nami nilichukua kicheko chake kama ruhusa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata shangazi yako sikumwambia mpaka mwaka jana.

Jioni ya mwisho, wewe ukiwa umelala, alikuwa anafunga nyaya kwenye njia panda ya ile meza, pale tramu zilipokuwa zinaachana. Akaweka chini kile chuma cha kulehemu, akasema, "Mkono huu wa kushoto unaniuma mpaka kwenye taya."

Nikamjibu, "Utaacha kuuma? Unainama hapo saa tatu nzima kama fundi saa. Inuka ule."

Akainuka, akala. Alisema mchuzi una chumvi. Asubuhi alikwenda kazini, akaanguka uani kwenye gereji kabla hajapanda basi lake.

Anitha, kazi yangu ni kulea wazee. Nilifundishwa darasani, nikaonyeshwa picha ya mtu ameshika mkono wa kushoto na taya, tukaambiwa huo ni moyo, ukiona hivi piga simu, usingoje. Cheti ninacho, kiko kwenye faili la bluu. Kama angekuwa mzee wa kazini ningepiga simu dakika ile ile. Kwa kuwa alikuwa mume wangu, na kwa kuwa nilikuwa na ugomvi na meza yake, niliona meza tu. Madaktari walisema pengine isingesaidia. Nimelishika neno hilo la "pengine" miaka yote hii, wakati mwingine linanisaidia kulala na wakati mwingine halinisaidii.

Basi siku za msiba watu waliingia na kutoka, wakaketi kuizunguka ile meza kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa, nami nikaitazama kila saa. Niliichukia. Niliona ndiyo iliyoniziba macho.

Siku ya kuanua matanga unaikumbuka kwa upande wako. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umetumwa jikoni kupanga soda kwenye sinia. Huku sebuleni tulikuwa tunagawa vitu vya marehemu kama tunavyofanya kwetu, kila aliyemlilia aondoke na kitu cha kumkumbuka. Shangazi yako ndiye aliyesimamia, kwa kuwa ni dada yake. Makoti yalikwenda, viatu vikaenda, saa ikaenda. Kisha Mama Deo, yule anayeuza nguo za watoto sokoni, akauliza, "Na yale magari ya marehemu je?"

Shangazi yako akasema, "Hayo ni ya Anitha na baba yake. Hayo tuyaache."

Nikasema, "Yagawe."

"Wifi, na mtoto je?"

"Yagawe yote. Sitaki kuliona hata moja."

Alinitazama, na watu walikuwa wamejaa, na siku kama ile mtu habishani na mjane mbele za watu. Akaanza kugawa. Kila mtu akapokea modeli moja kwa mikono miwili, kwa heshima, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Hawakuwa wezi. Walipewa. Kile kitambaa cha vituo niliinuka nikakikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, vipande sita, ili kiwatoshe.

Ikabaki ile yako. Ile ya boksi la majani ya chai, magurudumu vizibo vya soda, fimbo ya juu njiti ya ufagio, imepakwa rangi yangu ya kucha. Baba yako alikuwa ameiweka mbele ya zote, akaiandikia namba. Shangazi yako akaishika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hii? Hii si ya mtoto?"

Nikasema, "Na hiyo."

Palikuwa na mtoto wa mgeni analialia, shangazi yako akampa. Hapo ndipo ulipotoka jikoni na sinia. Uliona mkono wake. Maneno yangu hukuyasikia, uliona mkono tu. Ukamwita mwizi, kwa Kiingereza, mbele ya watu arobaini, na soda zikamwagika juu ya jamvi.

Shangazi yako alinigeukia. Akangoja. Nami nikavuta kanga yangu mpaka usoni. Watu wakadhani nalia.

Akakwambia, "Nisamehe, mwanangu." Basi. Akapiga magoti akaanza kufuta soda.

Baadaye, tukiwa wawili jikoni, aliniambia, "Utamwambia mwenyewe ukipata nguvu." Hajaniuliza tena. Umekataa kwenda kwake Hayes, Krismasi zote. Umekataa zawadi zake. Akipiga simu unaniachia mimi. Mara ngapi amesema, "Mwache, bado ana uchungu." Angeweza kujisafisha kwa sentensi moja.

Kwa nini sikusema? Mwaka wa kwanza nilijiambia moyoni kwamba u mdogo. Mwaka wa pili una mitihani. Baadaye ikawa tayari nimechelewa, na mtu aliyechelewa hutafuta sababu ya kuchelewa zaidi. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimebaki na wewe tu, nikaogopa. Nilimtoa shangazi yako nibaki na wewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, lakini ndivyo ilivyo, basi ikae.

Mwaka mmoja hivi baada ya msiba nilikufuata kwa nyuma ukitoka shule, nikakuona umesimama mbele ya lile duka la nyama. Ulikuwa unalipiga picha lile ua la chuma ukutani. Ulipiga, ukalitazama, ukapiga tena. Sikukuita. Nilirudi nyumbani nikampigia shangazi yako.

"Wifi, nataka vile vitu virudi."

Akacheka, kicheko kile kile cha kaka yake. "Unataka tufanye matanga ya kurudi nyuma?"

"Nataka virudi. Ila sijui nani alichukua nini."

"Mimi najua," akasema. Kumbe aliandika. Kazi yake ni ya ghala, na mtu wa ghala haoni kitu kinatoka mlangoni bila kukiandika. Alikuwa na daftari lake dogo, na orodha yote imo, kumi na tisa, jina la mtu, rangi ya modeli, hata mfuko ulikuwa wa duka gani.

Zile Jumamosi nilizokwambia nimeongezewa zamu, nilikuwa na yeye. Tulikuwa tunakwenda nyumba za watu kuomba turudishiwe vitu vya marehemu. Hujui aibu hiyo, nami nakuombea usiijue. Kwetu mtu anaweza kuomba karibu kila kitu, lakini si kitu alichokwisha kukugawia msibani.

Wa kwanza alikuwa Mzee Amirali wa Stanmore, yule Mhindi wa Tanga aliyekuwa anasali Ijumaa kisha anamletea baba yako kashata. Tulifika, tukaamkia, tukanywa chai, tukanywa chai tena. Mimi sikupata pa kuanzia. Yeye mwenyewe akainuka, akafungua kabati la kioo, akalitoa basi la nyaya jekundu kutoka katikati ya vyombo vya harusi ya mkewe.

"Mama Anitha, mimi najua wewe utakuja," akasema. "Mimi naweka tu. Kila mwezi napangusa vumbi. Hii si yangu, hii ya mtoto."

Nililia kwenye treni njia yote mpaka Baker Street. Shangazi yako alilishika lile basi mapajani kama yai.

Wengine hawakuwa Mzee Amirali. Mama Deo tulimkuta ameiweka tramu yake dirishani, imejaa vibanio vya nywele.

"Kumbe inafunguka juu!" akasema kwa fahari. "Mimi nilidhani ndiyo kazi yake."

Nilipomweleza tulichojia aliweka mikono kiunoni. "Mama Anitha, marehemu mwenyewe hajaja kudai, unadai wewe?"

"Nadai mimi," nikasema, "na ukikataa nitakaa hapa mpaka upike."

Akaturudishia tramu, na vibanio viwili ndani yake bila kujua. Lakini kipande cha kitambaa alikataa kabisa. Kilikuwa kile cha Wood Green, na yeye alikuwa amehamia Wood Green, amekitia fremu ukutani kwenye ukumbi wake. "Hiki hakitoki," akasema. "Hiki ndicho kinachowaonyesha wageni wangu wamefika." Shangazi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Tukakiacha. Pale kinapendwa.

Tumerudisha kumi na nne kati ya zile kumi na tisa. Tatu zilivunjika zisitengenezeke, mwenye moja amehama na hatujampata. Ya tano nitakwambia.

Zilizorudi zilikuwa na majeraha, nyingi hazina fimbo za juu. Nilianza kwenda kwenye ukumbi wa kanisa mmoja ambako wazee wanaopenda tramu hukutana mara moja kwa mwezi, kubadilishana vitu na kunywa chai isiyo na sukari ya kutosha. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na mweusi peke yangu, na mtu pekee aliyekuja na chapati. Mzee mmoja, Bwana Ken, alinichukua kama mwanafunzi. Kazi yangu ya kwanza nilimwonyesha kwa furaha: basi la baba yako, nimelifungia fimbo mpya juu, imesimama vizuri. Akaligeuza, akalitazama kwa muda.

"Mama, umeweka fimbo moja," akasema. "Hili haliendi popote."

Akanieleza. Tramu inatosheka na fimbo moja, kwa kuwa umeme unaingia kwa juu na kurudi kwa chini, kwenye reli. Basi lina matairi ya mpira, halina pa kurudishia umeme, kwa hiyo linahitaji waya wa pili na fimbo ya pili. Nilisikiliza nikacheka, maana baba yako alinieleza hayo hayo mara kumi nikiwa nakunja nguo, na sikumsikiliza hata mara moja. Ulimsikiliza wewe. Ulikuwa na miaka minane, ukaniambia, "Mama, basi linahitaji njia ya kurudi." Nikakwambia kalete vyombo.

Kosa langu la pili pale ukumbini lilikuwa kupaka rangi mpya paa la tramu iliyochubuka. Iling'aa kama kucha za bibi harusi. Bwana Ken alitoa leso, akajifuta macho. Aliniambia mikwaruzo ile ilikuwa ya mkono wa baba yako, na sasa haipo. Tangu siku hiyo ninachorudisha ni kile kilichopotea tu, fimbo, gurudumu, dirisha. Palipochubuka napaacha. Utaona mwenyewe alama za watoto wa watu, mtoto mmoja amechora sura ya paka kwenye kioo cha dereva. Nimeiacha na hiyo.

Sasa ile ya tano, yako.

Yule mtoto aliyepewa, wazazi wake walihamia Leicester. Shangazi yako aliwatafuta miaka mitatu. Alipiga simu kwa watu wa kanisa, kwa watu wa chama cha mazishi, mpaka akampata mama wa mtoto. Mama yule hakuikumbuka kwanza. Kisha akasema, "Ile ya boksi la chai?" Walipohama waliitupa, pamoja na takataka za watoto. Hakujua. Alisikitika sana.

Kwa hiyo haipo, Anitha. Nimetafuta neno laini zaidi, sikulipata.

Shangazi yako aliponiletea habari hiyo, nilifanya jambo la kijinga. Nilinunua majani ya chai ya aina ile ile, nikamwaga majani kwenye kopo, nikachukua boksi. Nikatafuta vizibo, nikavunja njiti ya ufagio, nikapaka rangi ya kucha. Nilikumbuka mahali madirisha yalipopinda. Nilikumbuka hata kwamba namba ya baba yako ilikuwa na saba iliyokatwa katikati. Ilifanana, nakwambia, ilifanana mno. Nikampelekea Hayes aione kabla sijakupa.

Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hii utamwambia umeipata wapi?"

Nikachukua kiazi kwenye beseni lake, nikaanza kumenya.

"Wifi, mimi nimebeba moja. Hii sibebi."

Aliniambia hivyo bila hasira, huku anamenya viazi. Ni siku hiyo nilipomweleza habari ya mkono wa kushoto na taya. Akaweka kisu chini, akasema kwamba kaka yake alimpigia simu mchana wa siku ile ile, akamwambia ana kiungulia, naye akamshauri anywe maziwa. Miaka saba kila mmoja wetu alikuwa amekaa na lake. Tukamaliza viazi. Ile tramu ya uongo niliitia kwenye pipa la karatasi nyumbani kwake, mbele yake.

Sikujua utafanya kazi gani maishani, na sikukuuliza vya kutosha. Barua ilipokuja kwamba umekubaliwa kujifunza ufundi wa nyaya za juu za tramu huko Manchester, niliisoma nimesimama kwenye mkeka wa mlangoni, viatu mguuni. Nilidhani ulikuwa umeyaacha yale mambo siku ile ya soda. Kumbe uliyabeba peke yako, bila meza, bila modeli, bila mtu wa kuongea naye, kwenye picha za simu. Ningeweza kuwa mtu huyo. Hata shangazi yako angeweza. Anajua sasa aina za fimbo kuliko mimi, na anabishana na Bwana Ken.

Nilichojifunza ni kidogo, na nakiandika kwa ajili ya kazini kwako kwa sababu naona kitakufaa huko juu ya ngazi. Ukifunga kitu vibaya, sema siku hiyo hiyo. Kusema siku ile kungenichukua pumzi moja: "Nimemwambia mimi." Maneno mawili. Ungenikasirikia mwezi, pengine mwaka, na tungekwishakuwa upande wa pili. Na mtu akikwambia anaumwa, usimweleze sababu. Muulize tu wapi, na tangu lini.

Modeli kumi na nne ziko kwenye kabati la koridoni, nyuma ya mablanketi, kila moja kwenye soksi ya baba yako. Ni zako, hata usiponisemesha. Chukua unazotaka, acha unazotaka, Manchester ni chumba kidogo. Daftari la shangazi yako limo pia, alitaka ulione kwa mwandiko wake. Kwenye mstari wako hakuandika rangi wala mfuko. Ameandika "ya mtoto, irudi", na akapiga mstari chini. Aliandika hivyo siku ile ile ya matanga.

Nilifikiri kuitia barua hii ndani ya begi, uisome ukiwa umefika. Ningekuwa nimekimbia tena. Nitaiweka juu ya mto wako, uisome usiku huu au asubuhi, nikiwa nyumbani. Ukitaka kunipigia kelele, majirani watavumilia.

Sasa Euston. Nilimwambia shangazi yako ulichosema Jumapili. Akasema, "Sawa, sitamsumbua. Lakini nitakuja. Nitasimama mbali, nimwone tu anapanda." Ameomba aingie kazini akiwa amechelewa, na atakuja na lile koti lake la ghala, la njano, kwa hiyo sijui anadhani atajificha vipi. Treni yako ni saa nne na dakika arobaini. Yeye atakuwa pale tangu saa tatu, namjua.

Hatakusogelea, maana ameahidi. Itabidi uende wewe. Sina haki ya kukwambia umwambie nini, na mimi usinijibu kesho kama hujawa na jibu. Mimi unaweza kuniweka hata miaka minane, ni halali yako. Lakini yeye ana umri, na amengoja bila kosa. Tukiingia ukumbi wa stesheni, tazama upande ulio na watu wachache. Ukimwona, mwendee. Mimi nitabaki na mabegi.

Mama yako